Usitukane Wakunga: Somo kwa Mwanamichezo Anayehama Chuo

Somo la toleo hili ni la michezo, lakini hata wewe ambaye hujawahi kugusa mpira usifunge ukurasa. Kuhama chuo kunaweza kukufika wewe au mwenzako wa chumbani, na siku ya kuhama ndiyo siku ambayo ulimi huwa mwepesi kuliko miguu.

Swali letu ni hili: mchezaji anapohama chuo, je, ni haki yake kumsema kocha anayemwacha mbele ya watu? Wako watakaojibu haraka kwamba huo ni utovu wa adabu. Wako watakaosema ukweli usemwe popote. Mimi nilikuwa upande wa kwanza mpaka yaliponikuta.

Kisa chetu wenyewe

Majina nayaacha, manake wahusika wote wapo na tunasalimiana. Timu yetu ya mpira ya wanafunzi wa Afrika Mashariki hapa Muscat ilikuwa inamuaga beki wa kushoto, kijana wa Mombasa, aliyekuwa amepata nafasi katika chuo kingine huko Sohar. Tulikaa ufukweni, chai ya maziwa kwenye chupa, mandazi, mishkaki. Kocha wetu ni mzee mmoja mzaliwa wa Unguja aliyeletwa Oman akiwa mdogo. Anatufundisha bure, hata petroli ni yake. Sote tunamwita Ami.

Ikafika zamu ya Beki kusema neno la kwaheri. Akasimama.

"Mimi naondoka, kwa hiyo leo nasema. Ami hajui mpira. Ana watu wake anaowapanga. Anatupigisha mazoezi saa tisa alasiri juani na maji hatupi mpaka tumalize, eti tuwe wagumu. Namshukuru Mungu nimepata timu ya watu wanaojua wanachokifanya."

Kimya. Ami akaweka kikombe chini, akasema, "Nenda salama, mwanangu," akainuka akaenda zake. Sasa bwana, sisi tuliobaki tukamgeukia Beki. Mmoja akamwambia, "Kaka, yule ni sawa na baba yako." Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa timu, na niliongeza langu: "Hata shukrani huna." Tukamsindikiza kwa vinyongo.

Siku kumi na mbili baadaye, mwezi huohuo wa Mei, kijana wa mwaka wa kwanza alianza kuyumba katikati ya mazoezi. Tulimwita, akajibu maneno yasiyoeleweka. Wengine walicheka, wakidhani anafanya mzaha. Kisha akaanguka. Alilala hospitali siku mbili, na alhamdulillah alipona. Pale kwenye benchi la hospitali ndipo nilipomkumbuka Beki. Alisema sentensi nne tu juu ya Ami na timu, ukiondoa ile ya kutangaza kwamba anaondoka. Tatu zilikuwa hasira, moja ilikuwa ushahidi. Sote tulizisikia zile tatu.

Hili ndilo somo lenyewe: kutenganisha hasira na ushahidi. Anayehama anahitaji kulijua, na anayebaki analihitaji zaidi.

Kuhama si usaliti

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mtoto mwema hakimbii skuli yake wala mwalimu wake. Lakini katika michezo ya vyuo, hasa Marekani ambako udhamini wa masomo kwa wanamichezo ni jambo la kawaida, kuhama ni sehemu ya safari.

Watu wetu wako kwenye vyuo hivyo tangu zamani. Mwaka 1978 Henry Rono wa Kenya, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Suleiman Nyambui wa Tanzania alisoma na kukimbia katika chuo cha Texas, El Paso, na mwaka 1980 akapata medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow.

Sasa angalia waliohama. Sally Kipyego alianzia South Plains, chuo kidogo cha Texas, akahamia Texas Tech, akachukua mataji tisa ya kitaifa ya vyuo, na mwaka 2012 akaipatia Kenya medali ya fedha ya mita 10,000 London. Samuel Chelanga alianza Fairleigh Dickinson akahamia Liberty, na mwaka 2010 akakimbia mita 10,000 kwa dakika 27:08.49, rekodi ya vyuo vya Marekani wakati huo. Paul Chelimo alitoka Shorter akaenda North Carolina, Greensboro, na mwaka 2016 akapata fedha ya mita 5,000 kule Rio akiwa na jezi ya Marekani.

Hakuna anayewaita hawa wasaliti wa vyuo vyao vya kwanza. Mche unahamishwa kutoka kitaluni ili upate nafasi ya kukua. Kwa hiyo tunapomlaumu mtu, tusimlaumu kwa kuhama. Tuangalie amehama vipi, na amesema nini mlangoni.

Mwenye barua ya ruhusa

Kwa nini maneno makali hutoka mlangoni na si kabla? Jibu liko kwenye karatasi.

Kwa miaka mingi, mwanamichezo wa chuo cha Marekani aliyetaka kuhama alihitaji ruhusa ya chuo chake hata kuzungumza na kocha wa chuo kingine. Bila ruhusa hiyo, chuo kipya hakikuweza kumpa udhamini mwaka wa kwanza. Tena tangu 1973 udhamini wenyewe ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Udhamini wa miaka kadhaa uliruhusiwa tena mwaka 2012. Na katika mpira wa kikapu na mpira wa Kimarekani, aliyehama alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza. Kocha mwenyewe aliweza kuhama kazi wiki yoyote na kuanza kufundisha kesho yake.

Mambo yalibadilika Oktoba 2018, pale NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilipoanzisha orodha ya wanaotaka kuhama. Mchezaji anakiarifu chuo chake, jina linaingizwa kwenye orodha, na makocha wengine wanaweza kumtafuta. Ruhusa ya kocha haihitajiki tena. Mwaka 2021 wachezaji wa michezo yote wakaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje, na mwaka 2024 kikomo hicho cha mara moja nacho kikaondolewa kwa wale wanaotimiza masharti ya masomo.

Sisi wa huku Ghuba tunayo mifano yetu ya nguvu ya karatasi. Mnamkumbuka Stephen Cherono? Mwaka 2002 aliipa Kenya dhahabu ya kuruka viunzi na maji kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, Manchester. Mwaka 2003 akachukua uraia wa Qatar, akawa Saif Saaeed Shaheen, na mwezi huohuo wa Agosti akawa bingwa wa dunia Paris, akimshinda Ezekiel Kemboi wa Kenya. Kaka yake, Abraham Cherono, alikuwa kwenye mbio hiyo hiyo na jezi ya Kenya. Olimpiki ya Athens ya 2004 ilipofika, Shaheen alihitaji ridhaa ya Kenya, kwa kuwa miaka mitatu ilikuwa haijapita. Kenya ikakataa. Wakenya watatu wakachukua dhahabu, fedha na shaba bila yeye kuwepo. Siku chache tu baadaye, tarehe 3 Septemba 2004, kule Brussels, Shaheen akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 7:53.63, na rekodi hiyo ikakaa hadi mwaka 2023.

Sina nia ya kuamua hapa nani alikuwa na haki. Ninachotaka mkione ni kwamba unayemwacha anaweza kuwa bado ameshika kitu chako. Inaweza kuwa barua, alama, sahihi, au jina lako mbele ya watu. Kwetu sisi wanafunzi wa ugenini, kibali cha kukaa mara nyingi kimefungwa na chuo, na mfadhili husikiliza chuo kwanza kabla ya kutusikiliza sisi.

Kwa hiyo mtu anayenyamaza miaka miwili kisha akasema siku ya kuondoka, tusimwite mnafiki upesi. Huenda siku hiyo ndiyo ya kwanza ambayo hakuna mtu anayeweza kumnyima kitu. Lakini pia tukubali upande wa pili: siku hiyohiyo ndiyo siku anayotaka sana kuonekana kwamba amefanya uamuzi sahihi. Ukweli na kujitetea hutoka kinywani pamoja, na mara nyingi msemaji mwenyewe hajui kipi ni kipi.

Aliyeondoka kwa maneno machache

Wahenga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mfano wa methali hii ni kijana wa Lubumbashi, mji wa Kiswahili kama Mombasa na Unguja, japo Kiswahili chao kina ladha yake.

Oscar Tshiebwe alizaliwa Lubumbashi mwaka 1999, akaenda Marekani akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, na mwaka 2019 akajiunga na chuo cha West Virginia kucheza mpira wa kikapu chini ya kocha Bob Huggins. Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri. Msimu wa pili alicheza mechi kumi tu, namba zake zikashuka, na mwanzoni mwa Januari 2021 chuo kikatangaza kwamba ameondoka. Sababu iliyotolewa ilikuwa "za kibinafsi", basi. Siku chache baadaye akachagua Kentucky.

Fikiria hali ile. Mchezaji anaondoka katikati ya msimu, mashabiki wamekasirika, kila mtu anataka kujua kocha alimfanya nini. Tangazo lenyewe halikumpa mtu kuni za kuchochea moto. Kilichofuata kikawa mpira wenyewe: msimu wa 2021/22 akiwa Kentucky alipata wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa mechi, na akatajwa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo vya Marekani.

Lakini tusifanye hadithi iwe tamu kupita kiasi. Machi 2022, Kentucky ilitolewa raundi ya kwanza ya mashindano ya kitaifa na Saint Peter's, chuo kidogo ambacho wengi walikuwa hawajawahi kukisikia, ingawa Tshiebwe peke yake alifunga pointi 30 na kuchukua ribaundi 16. Yaani hata chuo kipya kina machozi yake. Ukiondoka huku umemtukana kocha wa kwanza, siku unayofungwa kwenye chuo kipya utamtafuta wa kumlaumu na hutampata.

Na kwa mwanafunzi wa kigeni mambo hayaishii uwanjani. Tangu 2021 wachezaji wa vyuo Marekani wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao, lakini mwenye viza ya mwanafunzi amebanwa asifanye kazi hovyo. Timu yake iliposafiri kwenda Bahamas Agosti 2022, Tshiebwe alitumia safari hiyo kufanya kazi zake za matangazo nje ya ardhi ya Marekani. Mtu wa namna hii anajua kuhesabu hatua. Ulimi nao ni hatua.

Mficha maradhi

Tungeishia hapo, somo lingekuwa rahisi: nyamaza, ondoka, cheza. Lakini wahenga haohao walisema pia, mficha maradhi kifo humuumbua. Methali mbili, na zote ni zetu.

Tarehe 29 Mei 2018, katika chuo kikuu cha Maryland, timu ya mpira wa Kimarekani ilikuwa kwenye mazoezi ya kukimbia. Jordan McNair, kijana wa miaka 19, akapata kiharusi cha joto, yaani mwili ulichemka kuliko uwezo wake wa kujipoza. Akafariki tarehe 13 Juni. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulieleza kwamba hakutiwa katika maji baridi pale uwanjani, jambo ambalo ndilo tiba ya kwanza ya hali hiyo.

Agosti mwaka huo, chombo cha habari cha ESPN kilitoa taarifa kuhusu mazingira ya ile timu: vitisho, kudhalilishwa, kusukumwa kupita mpaka. Waliozungumza walikuwa wachezaji wa wakati huo, wachezaji wa zamani, na wafanyakazi. Siku chache baadaye rais wa chuo, Wallace Loh, akakiri hadharani kwamba chuo kinabeba wajibu wa kisheria na wa kimaadili kwa yaliyotokea. Kocha mkuu, DJ Durkin, akaondolewa tarehe 31 Oktoba 2018.

Sasa jiulize. Kama waliokuwa wameshaondoka wangeshika adabu na kusema "sababu za kibinafsi" milele, nani angejua? Aliyekwisha kuondoka ana kitu ambacho aliyebaki hana. Aliona kwa macho yake, na mkate wake hauko tena mkononi mwa kocha yule. Kuna wakati kunyamaza kwake si heshima tena. Ni kumwachia mwenzake shimo alilolijua.

Sisi tunaoishi Muscat tusione haya ni mambo ya mbali. Sheria za Oman huwapumzisha mafundi wa ujenzi na wafanyakazi wengine wa nje kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana, kuanzia Juni hadi Agosti. Fundi anapewa kivuli kwa sheria. Mwanafunzi anayekimbia uwanjani kwa kupenda mwenyewe hana wa kumlinda ila kocha na wenzake. Na kumbukeni dalili: mtu akianza kuyumba, kusema ovyo, kukasirika bila sababu kwenye joto, msicheke. Mtoeni juani, mvueni nguo nzito, mmwagieni au mtumbukizeni kwenye maji baridi, huku mwingine anaita gari la wagonjwa. Kupoza kwanza, safari baadaye.

Kocha mmoja, wanafunzi tofauti

Kuna jambo moja linalotuchanganya sana tunaposikia malalamiko: yuko mwingine anayesema kocha huyohuyo ni mtu mwema. Tunadhani lazima mmoja wao ni mwongo.

Edward Cheserek wa Kenya alikimbia katika chuo cha Oregon kuanzia 2013 hadi 2017, akachukua mataji 17 ya kitaifa ya vyuo, idadi ambayo hakuna mwanaume aliyewahi kuifikisha kabla yake. Kocha mkuu wa riadha chuoni hapo alikuwa Robert Johnson. Oktoba 2021, gazeti la The Oregonian lilieleza malalamiko ya wanariadha kadhaa wa kike wa Oregon, wakiwemo waliokwisha kuondoka, kwamba programu hiyohiyo ilipima na kufuatilia mafuta ya miili yao kwa namna iliyowaletea madhara ya kula na ya akili. Johnson aliutetea upimaji kama sayansi ya mchezo. Mwaka 2022 mkataba wake haukuongezwa.

Chuo kilekile, kocha mkuu yuleyule. Mataji ya Cheserek ni ya kweli, na hayafuti hata neno moja la wale wanawake. Kocha anaweza kumfaa mmoja na kumdhuru mwingine kwa mkono uleule. Kwa hiyo "mimi mbona hakunifanya kitu" si jibu. Na upande wa anayelalamika, "kocha huyu ni mbaya" ni maneno mapana mno. Sema alifanya nini, kwa nani, lini.

Maswali manne kabla ya kufungua mdomo

Kutokana na visa hivi, mimi nimejitengenezea maswali manne. Mkiyaona yanafaa, yachukueni.

1. Jambo hili limenikuta mimi tu, au litamkuta na atakayebaki? Kupangwa benchi, kubadilishwa namba, kutopendwa, hayo ni yako. Yameze, au mwambie rafiki yako. Lakini maji kunyimwa, jeraha kulazimishwa kucheza, kushikwa mwili, pesa za udhamini kukatwa, hayo ni ya wote.

2. Nimeona, au nimehisi? "Ana watu wake" ni hisia. "Tarehe fulani tulifanya mazoezi saa mbili bila maji" ni jambo linaloweza kuulizwa na kujibiwa. Andika tarehe. Daftari la kawaida linatosha.

3. Nimegonga mlango gani kwanza? Kocha mwenyewe, nahodha, katibu, ofisi ya wanafunzi. Mila zetu zinataka mkubwa aambiwe pembeni, na mara nyingi huko pembeni ndiko anakosikia. Lakini hapa nataka nieleweke: kama ni hatari ya uhai, au mtu anadhulumiwa mwili wake, foleni hiyo haipo. Nenda moja kwa moja kwa mwenye uwezo wa kulizuia leo.

4. Nataka nini kitokee? Ukijibu "nataka aumie kama nilivyoumia", subiri wiki mbili. Ukijibu "nataka mazoezi yahamie jioni", basi una ombi, na ombi linaweza kusemwa hata mbele ya watu bila kumvunjia mtu heshima.

Sasa turudi kwa Beki, tumwandikie upya hotuba yake kwa maswali hayo:

"Ami, nakushukuru kwa jioni zote ulizotupa na petroli yako. Nina neno moja kwa ajili ya ndugu zangu wanaobaki. Mazoezi ya saa tisa bila maji ni hatari. Wiki iliyopita wawili walitapika. Naomba yahamie baada ya Magharibi, na maji yawepo pembeni ya uwanja."

Ni fupi kama ile ya kwanza. Haina tusi, na wala haina woga. Ukweli wote uliokuwa na faida umo, na yale mengine matatu ameondoka nayo Sohar.

Na wewe unayebaki

Hapa najisema mwenyewe. Tunapenda sana kumfundisha adabu anayelalamika, manake kumfundisha adabu ni rahisi kuliko kuchunguza alichosema. Anayesema kwa hasira amekosea namna, lakini kukosea namna hakufanyi maji yawepo uwanjani. Ukisikia mtu anatukana, vumilia kidogo, chambua, utafute ndani ya matusi kama kuna punje ya ushahidi. Ukiipata, ichukue wewe ukaipeleke kwa lugha nzuri. Hiyo ndiyo kazi ya nahodha na katibu.

Siku kijana wetu alipotoka hospitali, nilikwenda kwa Ami nyumbani kwake Seeb. Nilikuta ameshanunua pipa dogo la maji na boksi la barafu. Alikaa muda bila kusema. Kisha akaniambia, "Yule mtoto wa Mombasa angeniambia pembeni, ningemkasirikia. Lakini ningesikia." Akanitazama. "Na wewe katibu, ulikuwa unajua?"

Nilikuwa najua. Mimi mwenyewe nilikuwa nabeba chupa yangu ya maji na kuificha kwenye begi.

"Ndiyo, Ami," nikasema.

"Basi wewe ndiye ulinikosea zaidi," akasema. Akaenda kuchukua kahawa.

Sasa mazoezi yetu ni baada ya swala ya Magharibi. Beki alikuja sikukuu iliyopita na timu yake mpya, tukacheza mechi ya kirafiki, akamwamkia Ami kwa kuinama na kumbusu mkono. Hawakuzungumza mengi. Wahenga wanasema, mwenda tezi na omo marejeo ngamani. Tunahama, lakini Afrika Mashariki ya hapa Muscat ni ndogo, na tutaendelea kukutana msikitini, kwenye harusi, na kwenye foleni ya uwanja wa ndege.

Maswali ya kujadili kwenye kikao chetu

Je, timu au chama chako kina mtu ambaye mwanachama anaweza kumwambia jambo zito bila kuogopa kupoteza nafasi yake? Kama hayupo, nani awe?

Kuna jambo unalolijua leo ambalo unangoja siku ya kuondoka ndipo uliseme? Nani anaweza kuumia kabla ya siku hiyo?

Nani aliwahi kuondoka kwa maneno makali nanyi mkamcheka? Alisema nini hasa?

Kila la kheri kwenye mitihani, na msisahau maji.